Aliyetoka Kundini Atazikwa na Nani?

Mkoani Songwe, kikundi cha dini kinapotaka kumwadhibu mtu aliyewahoji viongozi wake, hakihitaji fimbo wala mahakama. Kinamwacha peke yake siku ya msiba. Kwa Wanyiha wa Mbozi, Wanyamwanga wa Momba na Tunduma, na Wandali wa Ileje, msiba ni kazi ya watu wote. Vijana huchimba kaburi, wanawake hufika na unga, kuni na ndoo za maji, wazee hukaa nje na kupanga nani asimamie nini. Asiyeonekana hukumbukwa, na siku yake ikifika anaweza kulipwa kwa kipimo kilekile. Ndiyo maana mtu aliyetoka katika kikundi chenye masharti makali, akifiwa na mama yake huku waliokuwa ndugu zake wa imani wanapita barabarani bila kukata kona kuingia uani, huwa ameambiwa jambo zito kuliko mahubiri yoyote. Wale waliobaki ndani nao wameliona, na wamejifunza kunyamaza. Hoja yangu ni kwamba nguvu ya kiongozi asiyehojiwa hutokana na bei ambayo mtu hulipa akitoka, zaidi ya mafundisho yenyewe. Na bei hiyo inaweza kushushwa na jamii kwa desturi zake, kwa kuwapokea waliotoka na kuwasikiliza kama mashahidi.

Bei hiyo iko juu zaidi Tunduma kuliko vijijini. Mji huu umekuzwa na mpaka. Barabara kuu ya kwenda Zambia na reli ya TAZARA zimepita hapa, na tangu 2019 kituo cha pamoja cha forodha kinahudumia Tunduma na Nakonde. Watu wamekuja kutoka kila upande: wapakiaji, madereva wa malori, wabadilisha kwacha, mawakala wa forodha, mama lishe, mabinti waliofuata kazi za ndani. Wengi hawana ukoo mjini. Mgeni akiugua katika chumba chake cha kupanga, anayemgongea mlango mara nyingi ni mtu wa kanisa lake. Kanisa humtafutia kibarua kwenye duka la muumini, humchangia kodi, humpa baba na mama wa kiroho, baadaye hata mchumba. Huo ni wema wa kweli na haufai kubezwa. Lakini pale ajira, chumba, ndoa na mazishi vyote vinaposhikwa na mkono mmoja, swali dogo kuhusu sadaka linaweza kumgharimu mtu maisha yake yote ya mjini. Anayeuliza ataitwa aliyerudi nyuma, kisha mwasi, na mwisho ataambiwa ana roho ya kumpinga mtumishi wa Mungu. Kufikia hapo swali lenyewe limeshasahauliwa, na kinachojadiliwa ni tabia ya aliyeuliza.

Wapo wanaosema kuhoji viongozi wa dini ni tabia ngeni, imeletwa na simu na vijana wa leo. Historia ya mpaka huu inawakatalia. Ng'ambo kidogo ya Tunduma ipo Mwenzo, misheni iliyoanzishwa miaka ya 1890 na Waskoti wa Livingstonia miongoni mwa Wanyamwanga. Kujiunga nayo hakukuwa jambo la wiki moja. Wanafunzi wa ubatizo walifundishwa na kupimwa muda mrefu, na uamuzi wa mwisho ulikuwa wa mmisionari. Kisha vikaja vita vya 1914. Mpaka ukawa uwanja wa mapigano, wamisionari wakaondoka, na wanaume wakachukuliwa kwa maelfu kubeba mizigo ya majeshi, kazi iliyojulikana kwa jina la tengatenga. Mwaka 1917 wahubiri wa harakati ya dini ya Watch Tower waliofukuzwa Rhodesia ya Kusini, akiwemo Hanoc Sindano, walirudi nyanda hizi na ujumbe mkali: dunia ya wakubwa inakwisha, wamisionari wameficha ukweli, na Mwafrika anaweza kubatiza mwenyewe. Watu wakawafuata makundi kwa makundi. Wengi wao walikuwa wamepitia madarasa ya misheni, na walichohoji kilikuwa na msingi: kwa nini ubatizo ucheleweshwe, na kwa nini waliohubiri upendo walikaa kimya watu walipobebeshwa mizigo ya vita? Mwanzoni mwa 1919 serikali ya kikoloni iliwakamata zaidi ya mia moja. Mafundisho hayakukoma. Sindano akaja kujenga kijiji cha wafuasi wake karibu na Abercorn, Mbala ya leo, akakiita Jerusalem, na ujumbe ukavuka mpaka kuingia Tanganyika. Kwa hiyo mababu wa watu wa Songwe walijua kumuuliza kiongozi wa dini swali gumu miaka zaidi ya mia iliyopita, tena wakati aliyeulizwa alikuwa na serikali nyuma yake.

Kuna upande wa pili wa historia hiyo, nao unauma. Harakati iliyozaliwa kwa kuhoji inaweza yenyewe kukataa kuhojiwa. Ukifuata barabara kutoka Nakonde kupita Isoka unafika Chinsali, alikotokea Alice Lenshina. Alikuwa mwanafunzi wa ubatizo katika misheni ya Lubwa, na mwaka 1953 akaanza kuhubiri habari za maono aliyoyapata. Kanisa lake la Lumpa liliwavuta maelfu kwa kupinga uchawi na ulevi, na kwa kuimba nyimbo za Kibemba ambazo watu walizisikia kuwa zao. Baadaye wafuasi walikatazwa siasa za vyama, wakajitenga katika vijiji vyao wenyewe, na kila mzozo na majirani ukawafungia ndani zaidi. Kuanzia Julai 1964, miezi michache kabla ya uhuru wa Zambia, mapigano kati yao, majirani na majeshi ya serikali yaliua watu zaidi ya 700. Lawama hazikuwa za upande mmoja, na serikali ya wakati huo ina damu nyingi ya kujibu. Lakini ndani ya vijiji vile vilivyozungushiwa boma, muumini aliyeona hatari inakuja hakuwa na pa kwenda: nje wapo waliomchukia kwa imani yake, ndani yeyote aliyesita alionekana msaliti.

Maafa mawili ya karibu zaidi yanaonyesha thamani ya sauti za waliotoka. Kanungu, Uganda, kikundi cha Kurejesha Amri Kumi za Mungu kilichoongozwa na Joseph Kibwetere na Credonia Mwerinde kiliwafanya watu wauze mali zao na kuishi kwa ukimya, wakingoja mwisho wa dunia mwishoni mwa 1999. Mwisho haukuja. Waliokuwa wametoa vyote wakaanza kunong'ona na kudai vyao, na tarehe 17 Machi 2000 kanisa likateketezwa likiwa limejaa watu. Miili mingine ilifukuliwa baadaye katika nyumba za kikundi. Huko Kenya, mhubiri Paul Mackenzie alikuwa amekamatwa zaidi ya mara moja kabla ya 2023, na mafundisho yake ya kuwatoa watoto shuleni yalijulikana. Watu waliotoka katika kanisa lake na jamaa za waliobaki walikuwa wametoa tahadhari. Mwezi Aprili 2023 makaburi ya msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, yakaanza kufukuliwa, na hesabu ikapita miili 400, wakiwemo watoto wengi walioshindishwa njaa. Sisemi kwamba kila kikundi kikali cha Tunduma kitafika huko. Kusema hivyo ni kuwasingizia maelfu ya waumini wanyofu. Ninachosema ni kwamba katika visa vyote viwili habari zilikuwepo mapema, na waliokuwa nazo ni watu walioitwa waasi.

Pingamizi la kwanza ni kwamba aliyetoka ana kinyongo. Huenda alitaka cheo akakosa, au alikutwa na kosa la uzinzi akatengwa kwa haki, sasa analipiza. Inawezekana kabisa, na wapo wa namna hiyo. Lakini kinyongo hakifanyi risiti iwe ya uongo. Mzee wa baraza la ukoo anapoamua ugomvi wa shamba hamfukuzi mlalamikaji kwa kuwa ana hasira. Anajua asiye na hasira asingekuja kulalamika. Humuuliza: ulitoa nini, lini, mbele ya nani, nani mwingine aliona? Wakitokea watu watatu wasiojuana, waliotoka miaka tofauti, wakaeleza mambo yaleyale, hasira zao hazina uzito tena. Kilichobaki ni mfanano wa maneno yao. Na wale wanaojificha nyuma ya onyo la kutomgusa mpakwa mafuta wasome na barua ya kwanza kwa Timotheo, inayoweka utaratibu wa mashtaka dhidi ya mzee wa kanisa yakiwa na mashahidi wawili au watatu. Utaratibu huo haungewekwa kama mzee hashitakiwi.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: mji wa mpakani wenye baa, fedha za haraka na safari za usiku unahitaji dini yenye masharti makali. Mama ambaye mumewe ameacha pombe kwa sababu ya kanisa hataki kusikia mtu akililaumu kanisa hilo, na ana haki. Ukali wa masharti, hata hivyo, hautuambii kama kiongozi anahojika. Wamoravian, walioingia Mbozi mwaka 1899, wamekuwa na nidhamu ya kutenga watu na kuwarudisha kundini kwa zaidi ya karne. Mabishano ya uongozi ndani ya kanisa hilo yamewahi kufika hata mahakamani, jambo ambalo wengi waliliona aibu. Mimi naliona tofauti. Kanisa ambalo watu wake wanaweza kugombana kwa vikao, kura na hukumu lina mlango wa kupitishia malalamiko. Tazama jambo dogo la Jumapili katika sharika nyingi za nyanda za juu kusini. Ibada ikiisha, watu hubaki nje kwa mnada: mkungu wa ndizi, jogoo aliyefungwa miguu, mayai kwenye kisahani, debe la mahindi. Mzee wa kanisa hupandisha bei, watu hucheka, anayenunua hulipa mbele ya wote. Juma linalofuata kiasi kilichopatikana husomwa katika matangazo pamoja na sadaka na idadi ya waliohudhuria. Muumini mwenye nguo moja ya ibada anajua kanisa lake lilipata shilingi ngapi. Linganisha na mahali ambapo fedha hutumwa moja kwa moja kwenye namba ya simu ya mtumishi, hakuna kamati, hakuna kusomewa, na anayetaka kujua anaambiwa imani yake imepungua.

Wengine wataona dawa ni serikali. Vikundi vya dini husajiliwa chini ya Sheria ya Jumuiya, Sura ya 337, na Msajili aliye Wizara ya Mambo ya Ndani anaweza kufuta usajili. Julai 2024 lilifutwa kanisa moja la Dar es Salaam ambalo mchungaji wake alidaiwa kutoza waumini fedha ili awaombee. Lakini mkono huohuo, Juni 2025, ulilifuta kanisa la Josephat Gwajima baada ya kiongozi huyo kukemea utekaji wa watu. Mashahidi wa Yehova walipigwa marufuku Tanzania mwaka 1965, wakaja kusajiliwa tena 1987, na katika miaka yote hiyo imani yao haikufa. Kufungia humpa kiongozi heshima ya mteswa na huwasogeza waumini karibu naye zaidi. Ibara ya 19 ya Katiba inalinda uhuru wa mtu wa imani yake, pamoja na uhuru wa kuibadilisha. Polisi waingie pale penye jinai: mtoto anayenyimwa shule au hospitali, binti anayedhalilishwa, mali iliyochukuliwa kwa hila. Yaliyobaki ni kazi yetu.

Na kazi hiyo inawezekana, kwa kuwa misingi yake ipo katika mila zetu. Wazee wa ukoo, hata kama kijana wenu aliwadharau alipookoka na kuita matambiko yenu ushetani, akirudi mpokeeni bila kumdai aombe radhi kwanza. Na akifa, mzikeni hata kama kikundi chake kimesusa. Wenyeviti wa mitaa ya Tunduma na Vwawa, mtu akija na malalamiko dhidi ya kiongozi wa dini, yaandikeni na tarehe, kama mnavyoandika ya mpaka wa kiwanja, msimrudishe kwa mchungaji yuleyule anayemlalamikia. Wachungaji wa makanisa yenye vikao na hesabu, msimwone aliyetoka kwa jirani kuwa mateka mpya wa kuhesabu. Msikilizeni kabla ya kumpa kadi ya ushirika. Na wewe muumini ambaye umeambiwa usimsalimie aliyetoka, ukisikia amefiwa, beba unga wako uende. Huko msibani hakuna atakayekuuliza mafundisho.