Amelia Kerr: Mrushaji Aliyefichwa na Rekodi Yake

Amelia Kerr akitajwa, namba 232 hutangulia. Ndiyo mikimbio aliyoipata Juni 13, 2018 mjini Dublin, New Zealand ilipocheza na Ireland, naye akiwa msichana wa miaka 17. Alianza kupiga tangu mpira wa kwanza, akakabili mipira 145, akaufikisha mpakani mara 31, akapiga na sita mbili, yaani mipira miwili iliyovuka mpaka bila kugusa ardhi, na ova 50, zenye mipira sita kila moja, zikaisha hajatolewa. Hakuna mwanamke aliyekuwa amefika hapo katika mechi ya kriketi ya kimataifa ya siku moja. Rekodi iliyokuwapo, 229 za Belinda Clark wa Australia, ilikuwa imedumu tangu 1997.

Siku hiyohiyo, ilipofika zamu ya Ireland kupiga, Kerr alichukua mpira na kuangusha wiketi tano, yaani kuwatoa wapigaji watano, kwa kuruhusu mikimbio 17 tu. Kazi hii ya pili ndiyo inayosahaulika, na naamini kwa kuisahau tunamsoma vibaya. Ireland ya wakati ule ilikuwa dhaifu mno. Siku tano kabla yake New Zealand ilikuwa imeitandika mikimbio 490. Ushindi juu ya timu kama hiyo unastahili pongezi, lakini hautoshi kupimia ukubwa wa mchezaji. Kerr anapaswa kupimwa kwa mkono wake wa kurusha, tena mbele ya wapinzani wa kweli.

Amekulia Tawa, kitongoji cha Wellington, katika ukoo wa kriketi. Babu yake mzaa mama, Bruce Murray, aliichezea New Zealand mechi 13 za Test kati ya 1968 na 1971. Baba na mama wote waliichezea Wellington. Dada yake, Jess, ni mrushaji wa mipira ya kasi katika timu hiyohiyo ya taifa. Amelia aliitwa kikosini Novemba 2016 dhidi ya Pakistan, umri wake ukiwa miaka 16.

Yeye hakufuata njia ya kasi. Anarusha mpira taratibu na kuuzungusha kwa kifundo cha mkono, ufundi mgumu kuliko wote kwa mrushaji. Mpira wake wa kawaida ukigonga ardhi humkimbia mpigaji wa mkono wa kulia. Kisha hutokea mwingine, umetoka katika mkono uleule na kwa mwendo uleule, lakini ukigonga ardhi unamwingilia ndani. Wenyewe huuita gugli. Mpigaji ana chini ya sekunde moja kusoma mkono, na akikosea amekwisha. Kifundo kikilegea kidogo tu, mpira huanguka mfupi na kupelekwa mpakani, ndiyo maana makocha wengi huogopa kumpa kijana kazi hii mechi inapokuwa ngumu. Kerr amepewa kazi hiyo tangu akiwa mwanafunzi wa sekondari, na bado akitoka hapo anatakiwa avae pedi akatafute mikimbio.

Mzigo huo una gharama. Mwaka 2021, akikaribia miaka 21, alijiondoa katika safari ya timu kwenda Uingereza ili atunze afya yake ya akili. Alisema wazi sababu hiyo, na baadaye akaendelea kuizungumzia hadharani ili wenzake wasione aibu kuomba msaada. Nauhesabu uamuzi huo miongoni mwa mambo makubwa aliyoyafanya. Wangapi tumewaona wakicheza huku wanaumia ndani, kisha wakapotea kabisa? Kerr alisimama, akapata msaada, akarudi. Februari 2022 India ilipokwenda New Zealand kwa mechi tano, alipata jumla ya mikimbio 353, na mara moja alifika 119 bila kutolewa. New Zealand ilishinda 4-1.

Lakini timu yenyewe ilikuwa ikizama. Ilikwenda Kombe la Dunia la ova 20 la mwaka 2024 katika Falme za Kiarabu ikiwa imepoteza mechi kumi mfululizo za aina hiyo. Mkongwe Suzie Bates na nahodha Sophie Devine walikuwa wamebeba kwa miaka mingi maumivu ya fainali za Kombe hilo za 2009 na 2010, zote zilizopotea, ya pili kwa mikimbio mitatu tu. Wachache waliipa timu hiyo nafasi.

Oktoba 20, Dubai, ilikuwa fainali na Afrika Kusini. New Zealand ilipiga kwanza, Kerr akapata mikimbio 43, nyingi kuliko za mwenzake yeyote, na timu ikafika 158. Afrika Kusini ilianza vizuri. Wafunguzi wake wawili walivuka mikimbio 50 pamoja, na nahodha Laura Wolvaardt alionekana ametulia. Hapo Kerr akarusha ova iliyogeuza usiku ule: Wolvaardt akadakwa, na ndani ya ova hiyohiyo Anneke Bosch akafuata. Mipira sita ilitosha kuhamisha mechi. Afrika Kusini iliishia 126, na Kerr akamaliza na wiketi tatu kwa mikimbio 24.

Alitajwa mchezaji bora wa fainali na wa mashindano yote, kwa wiketi 15 ambazo hakuna mwanamke aliyekuwa amezifikisha katika Kombe moja la ova 20. Mapema mwaka 2025, Baraza la Kimataifa la Kriketi lilimtangaza mchezaji bora wa kike wa mwaka 2024. Machi hiyo akatwaa na Mumbai Indians ubingwa wa ligi ya wanawake ya India, kama walivyofanya 2023.

Taji la dunia la ova 50 bado hajalipata. New Zealand imelibeba mara moja tu, Desemba 2000, Kerr akiwa mtoto wa miezi miwili.