Msitu wa Umma Ni Wako, Buda: Mbona Miti ya Kitambo Haifai Kuguswa

Mvua ikianza tu, Kenya huwa na stori moja: kupanda miti. Wakubwa wanashika jembe, kamera zinawaka, mche unaingia kwa shimo. Tangu Desemba 2022 serikali inasukuma mpango wa miti bilioni 15 kufikia 2032. Hiyo ni fiti. Lakini ile miti mizee ambayo tayari iko, nani anaichunga?

Chanuka kwanza: misitu haifanani

Kwenye ardhi ya umma kuna misitu aina mbili, na ukiichanganya utachezwa. Kuna mashamba ya miti: saiprasi, paini na mikaratusi. Hii ilipandwa ndio ikatwe. Ikifika miaka 30 hivi inageuzwa mbao, kisha mingine inapandwa. Hapo hakuna noma, bora sheria ifuatwe.

Halafu kuna msitu wa asili. Hakuna msee aliupanda. Huko ndio utapata mutarakwa, podo na kamfa za Mlima Kenya na Aberdare, au msitu wa Kakamega, kipande kilichobaki Kenya cha msitu wa mvua kama ule wa Congo. Kuna miti huko ilikuwa mikubwa kabla reli ya mkoloni ifike Nairobi 1899. Hiyo ndiyo soko linaitamani. Mchwa hawaisumbui posti ya mutarakwa kirahisi, na kamfa hutoa milango na fanicha safi.

Inakatwa aje na hakuna mtu anaona?

Wezi wa miti hawafyeki kando ya barabara. Wanaingia ndani, mti mmoja hapa, mwingine pale. Wewe ukipita na matatu unaona kijani tu. Mwaka 1999, KWS ilipokagua Mlima Kenya kwa ndege, ilipata maelfu ya kamfa yamekatwa, tanuri za makaa na hadi mashamba ya bangi.

Na mti mkubwa hauanguki peke yake. Unavunja midogo, jua linapenya, chini kunakauka, na moto ukizuka unasambaa haraka. Mche wa leo hauwezi kuziba pengo hilo mpaka wajukuu wako wazeeke.

Inakuhusu nini wewe wa mtaa?

Maji mengi ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini, na bwawa hujazwa na mito ya Aberdare. Msitu mzee ni kama sponji: unashika mvua, unaiachilia pole pole. Ukikatwa, maji yanateremka mara moja na matope, halafu kiangazi mito inakonda. Ukiona unanunua mtungi kwa mkokoteni, usilaumu mfereji peke yake.

Sheria iko upande wako

Kifungu cha 69 cha Katiba kinaitaka serikali ifikishe miti kwa angalau asilimia 10 ya nchi. Ujanja uko hapa: hesabu hiyo haiulizi mti una umri gani. Mkaratusi wa juzi na podo la karne zinaweza kujaza asilimia ile ile. Ndio maana kupanda hakutoshi.

Kifungu cha 70 ndio silaha. Unaweza kwenda kortini kutetea mazingira bila kuthibitisha kwamba wewe binafsi umeumia. Na kwa sheria ya misitu ya 2016, kumega msitu wa umma lazima kupitie Bunge.

Julai 2023, Rais Ruto aliondoa marufuku ya kukata miti iliyokuwepo tangu Februari 2018. Serikali ilisema inalenga miti iliyokomaa ya mashamba. Chama cha mawakili, LSK, kikaenda kortini, na Agosti korti ikasimamisha hatua hiyo.

Kabla ya hapo kulikuwa na Karura. Januari 1999, Wangari Maathai na wenzake walipigwa na majamaa waliokodishwa wakijaribu kupanda miti kwenye msitu uliogawiwa matajiri. Hawakurudi nyuma. Leo mbogi inakimbia na kuendesha baiskeli hapo.

Sasa ufanye nini?

Ukinunua fanicha, uliza mbao zimetoka wapi. Ukiishi karibu na msitu, ingia chama cha jamii cha msitu, kile wanaita CFA. Na wakiitisha maoni ya wananchi, tokea. Kikao kikiwa tupu, wenye misumeno ndio watakusemea.