Mifupa ya Roboti

Ndugu msikilizaji, tukisikia neno roboti wengi wetu hufikiria nyaya, kompyuta na taa zinazometameta. Leo tuzungumzie mifupa yake, yaani fremu, kwani hapo ndipo wengi hushindwa.

Huko Marekani yapo mashindano ya roboti ya wanafunzi wa sekondari yaitwayo FIRST, yaliyoasisiwa na mvumbuzi Dean Kamen. Yalianza mwaka 1992 katika ukumbi wa michezo wa shule moja mjini Manchester, jimbo la New Hampshire, yakiwa na timu 28. Kwa miaka mingi vijana walipewa wiki 6 tu za kuunda. Uwanjani roboti hugongana, na kila moja hupimwa uzito. Mwaka 2024 haikuruhusiwa kuzidi ratili 125, yaani kilo 57 hivi, bila betri na bampa.

Mtihani ndio huo. Kijana huona chuma kina nguvu, basi atumie chuma. Tufanye hesabu. Fremu ikihitaji mita 5 za bomba la pembe nne, inchi 1 kwa 2, lenye unene wa milimita 3 na kidogo, la chuma litafika kilo 17, la alumini kilo 6. Kilo hizo 11 zingetosha mota na mkono wa kunyanyulia.

Utasema alumini hupinda upesi. Kweli, ukakamavu wake ni theluthi moja tu ya ule wa chuma. Lakini chukua rula ya mwanafunzi. Ilaze bapa, itapinda. Isimamishe kwa ubavu, itakataa. Rula ni ile ile. Basi bomba nalo lisimamishwe, upande mpana uwe wima.

Kisha kuna kuunganisha. Kuchomelea kunafaa kwa chuma. Lakini alumini itumikayo sana, aina ya 6061, hupewa nguvu zake kwa joto kiwandani, na moto wa kuchomelea huzipunguza kandokando ya kiungo. Tena joto huivuta fremu ikaenda upogo, na roboti ya upogo hainyooki njia. Ndiyo maana timu nyingi huweka vibao vya alumini kwenye kona, zikavifunga kwa riveti au bolti. Riveti ikilegea, hutobolewa kwa drili na kupigwa nyingine kabla ya pambano lijalo. Aliyechomelea aanze kumtafuta fundi na mashine yake.

Asiye na alumini asikate tamaa. Plaiwudi nzuri ni nyepesi na hukatwa kwa msumeno wa kawaida. Atumie bolti zenye washa pana, maana parafujo ikipigwa ukingoni hung'oka.

Vyovyote iwavyo, kabla ya kukaza bolti ya mwisho pima kona kwa kona, mara mbili. Pande zinazotazamana zikilingana, na vipimo hivyo viwili vikilingana, fremu iko sawa. Fundi wetu wa mageti hufanya hivyo kila siku, wala hakuna amwitaye mhandisi.

Kijana akija kukuuliza metali ipi ina nguvu kuliko zote, nawe muulize: ikivunjika, utaitengeneza kwa vifaa gani? Tukijaaliwa, tukutane wiki ijayo.