Saa ya Zebaki na Fundi Asiye na Wivu

Saa ya ukutani yenye pendulamu ina adui asiyeonekana, nalo ni joto. Pendulamu ni ufito ulioning'inizwa, wenye uzito chini yake, uendao huku na huku na kupima muda. Joto likija, ufito hurefuka kidogo sana, ukaenda polepole, na saa ikachelewa. Joto likizidi kwa digrii 10 za sentigredi, saa yenye ufito wa chuma cha pua huchelewa kadiri ya sekunde 5 kwa siku. Nyumbani si kitu. Kwa wapimao mwendo wa nyota ni kosa kubwa.

Zamani alikuwako London fundi jina lake George Graham, aliyefanya kazi pamoja na Thomas Tompion, fundi mashuhuri wa saa, akamwoa binti wa ndugu yake. Kwanza Graham alijaribu kutumia madini mbalimbali, ili kurefuka kwa moja kuondoe kurefuka kwa jingine. Akaona tofauti yao ni ndogo mno, akaiacha njia hiyo. Hata mwaka wa 1721 akafikiri juu ya zebaki. Akaitia katika chupa ya kioo mwishoni mwa ufito. Joto lilipokuja, ufito ulirefuka kwenda chini, na zebaki ikavimba kwenda juu. Basi mambo haya mawili yakasawazishana. Aliijaribu saa hiyo zaidi ya miaka 3, na mwaka wa 1726 akawatangazia wataalamu wa Royal Society habari zake, asizifiche.

Mwaka wa 1730 alifika London seremala wa shamba, John Harrison, mwenye michoro ya saa ya kuwaongoza mabaharia. Naye alikuwa amefaulu katika njia ile ile aliyoiacha Graham: pendulamu yake ilikuwa na fito 9 za shaba na chuma cha pua, zilizosahihishana. Edmond Halley, mkuu wa nyumba ya kutazamia nyota huko Greenwich, alimshauri aende kwa Graham. Harrison aliona shauri hilo zito, asije akaibiwa siri yake. Hata hivyo alikwenda, nao wakazungumza tangu saa nne asubuhi hata saa mbili usiku. Mwisho wake Graham alimkopesha fedha, pasipo riba wala rehani. Tena mwaka wa 1735, saa ya kwanza ya Harrison ya baharini ilipokwisha, Graham alikuwa miongoni mwa walioishuhudia kuwa ni njema.

Graham alifariki mwaka wa 1751, akazikwa Westminster Abbey katika kaburi moja na Tompion.

Wivu moyoni ni kama joto katika ufito: jicho halilioni, lakini mwendo huharibika siku kwa siku. Basi kila mwenye kazi ya mikono na ajiulize: kijana mgeni akija na kazi iliyo bora kuliko yangu, nitamfungia mlango, au nitampa kiti?