Bei ya Stadi na Usawa wa Wachezaji katika Michezo ya Uigizaji ya Mezani

Katika mchezo wa uigizaji wa mezani, kila mchezaji humwigiza mhusika mmoja, na msimulizi huongoza matukio. Tangu Dungeons & Dragons, mchezo wa Gary Gygax na Dave Arneson uliochapishwa Marekani mwaka 1974, mhusika huchuma alama za uzoefu kwa matendo yake. Katika mchezo huo, alama zikifikia kiasi fulani, mhusika hupanda daraja zima. Katika michezo mingine, kama Vampire: The Masquerade (1991), alama ni mfano wa fedha: mchezaji huzitumia kununulia stadi mojamoja. Hapo ndipo linapozuka suala la bei.

Kwa kawaida bei hupanda kadiri stadi inavyokua, kwani ubingwa hauji kwa wepesi wa ujuzi wa mwanzo. Kasoro hutokea pale ambapo mhusika anapoundwa viwango vyote huwa na bei moja, lakini mchezo ukishaanza bei hupanda. Ndivyo ilivyokuwa katika Vampire.

Mfano unaweza kutungwa mjini Likasi, penye mitambo ya shaba ya Shituru. Wahusika wawili wanapewa viwango 5 kila mmoja. Wa kwanza anaviweka vyote katika usafishaji wa shaba. Wa pili anaweka 3 katika usafishaji na 2 katika usuluhishi. Baada ya hapo kiwango cha kwanza kinagharimu alama 1, cha pili 2, hadi cha tano 5. Wote wanakusudia kufikia usafishaji 5 na usuluhishi 3. Wa kwanza atalipa 1, 2 na 3, jumla 6. Wa pili atalipa 4 na 5 za usafishaji, na 3 za usuluhishi, jumla 12. Safari ni ileile, nauli ni maradufu.

Dawa yake ni kutumia bei ileile tangu mwanzo. Kila mmoja akipewa alama 15, bingwa wa usafishaji atazimaliza zote. Mwenzake atapata usafishaji 4 kwa alama 10, usuluhishi 2 kwa alama 3, na kubakiwa na alama 2. Wakifika mwisho uleule, watakuwa wamelipa sawa.

Kanuni zikimfaidi bingwa peke yake, Likasi ya mezani itajaa wasafishaji wa shaba, na hatapatikana wa kuwapatanisha.