Nane Nane ya Wana: Kukaza Uyole, Bata Iringa

Kalenda inasema Nane Nane ni sikukuu. Mwambie hivyo bodaboda wa Uyole uone atakavyokucheka. Kwa mkulima sawa, ni siku yake, anazunguka mabandani, anamshangaa dume la ng'ombe, anapiga picha na trekta ambalo hatalinunua. Kwa sisi masela wa Mbeya tunaoishi kwa mishe za kutwa, hiyo ndiyo wiki ya kukaza kuliko zote za mwaka. Jasho linakutoka huku unatetemeka, maana Agosti baridi ya Jiji la Kijani haina utani na mtu.

Viwanja vya John Mwakangale vikishafunguliwa tarehe mosi, Nyanda za Juu Kusini nzima inahamia Uyole. Songwe wanatimba na kahawa, Njombe na maparachichi na viazi, Iringa nao hawakosi. TARI Uyole wao wako nyumbani kwao, wanaringishia vipando na mbegu za maharage ya Njano Uyole. Unyama mtupu huko ndani, sikatai. Ila mkwanja wetu uko nje ya geti.

Mwana wetu wa boda wiki hiyo halali. Anabeba kichwa Kabwe, anashusha Uyole, kabla injini haijapoa kashapata kichwa kingine cha kurudi Mafiati. Kwenye njia hiyohiyo anabanana na malori ya Tunduma, na mwaka 2025 ile barabara ya njia nne ya kutoka Nsalaga hadi Ifisi ilikuwa bado inajengwa, kwa hiyo vumbi alilolimeza halikuwa na bili. Yule wa mitumba ameifunga meza yake Mwanjelwa, belo la masweta kalimwaga kando ya barabara, anapiga kelele mpaka sauti inakatika Jumatano. Dada yetu wa chipsi yuko kwenye karai tangu alfajiri. Mimi na chaja zangu, makava na protekta, nazunguka na kiboksi kifuani, kila anayeangusha simu akimpiga picha ng'ombe ni mteja wangu.

Mwaka 2025 tarehe 8 iliangukia Ijumaa. Watu wa maofisini wakapata siku tatu mfululizo za kula bata, wakazimwaga zote kwetu. Tulipiga kazi mpaka usiku. Kuna bosi mmoja kaja na familia nzima, kanunua mizula ya kila kichwa, hata ya bibi aliyemwacha nyumbani. Mungu ampe maisha marefu.

Sasa, kwa nini baada ya hapo tusichili hapahapa Mbeya? Jibu ni jepesi: ukibaki maskani hupumziki. Simu inaita. "Oya, uko wapi, nina abiria." "Kaka, ile chaja inazingua." Mtu wa mishe akikaa mtaani kwake Jumamosi, mtaa unamhesabu yuko kazini. Dawa ni kusepa, tena kusepa mbali kiasi kwamba ukipigiwa unasema ukweli: niko Iringa.

Mshika fedha wa safari ni dada wa chipsi, na yule ni chuma. Tulianza kujichanga tangu Juni, buku buku, jero jero, ambaye hakuwa na kitu alipiga kimya na kurudi wiki inayofuata na deni lake. Sheria yake ilikuwa moja: hakuna kitonga. Na kweli, hata ule Mlima Kitonga wenyewe uko mbele ya Iringa, ukielekea Dar. Sisi hatufiki huko.

Jumamosi iliyofuata alfajiri tukazama kwenye kosta. Asiyeijua njia hii anadhani Nyanda za Juu ni baridi mwanzo mwisho. Thubutu! Mnatoka Uyole mmejifunga kama magunia ya viazi. Mkishuka kuelekea Igurusi na Chimala, bonde la Usangu linawavua kimoja kimoja: kwanza mzula, halafu koti, halafu sweta, mpaka Igawa mko na fulana mnagombea dirisha. Mkipanda Makambako upepo unawarudishia adabu, kila mtu anaitafuta nguo yake chini ya siti. Mafinga, kwenye misonobari, ndiyo balaa, hapo yule mwana wa mitumba aliuza sweta moja kwa abiria wa siti ya nyuma. Kwenye kosta! Dada wa chipsi akamwambia hela hiyo inaingia kwenye mfuko wa safari. Ikaingia.

Iringa ni mji wa taratibu. Ukishapanda kutoka Ipogolo unaona mwenyewe, hata mpiga debe wa kule anakuita kama anakuomba samahani. Mchana tukaenda kula Neema Crafts. Hii kitu ilianza mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, na vijana watatu viziwi wakitengeneza karatasi kutokana na kinyesi cha tembo. Leo ni karakana kubwa ya watu wenye ulemavu, na ina mgahawa. Wahudumu wengi ni viziwi. Sisi tumezoea kuagiza kwa kupayuka, "Mama, chipsi zege mbili, pilipili kwa mbali!" Pale hakuna wa kumpayukia. Unaandika, unaonyesha kwa mikono, unamwangalia mtu usoni. Mwana wa boda, ambaye sauti yake inasikika kutoka Mafiati hadi Sae, alijifunza kusema asante kwa mkono na akawa anaisema hata kwa chumvi. Kwa upande wangu hiyo ndiyo ilikuwa bata yenyewe. Nyama choma iko kila mji.

Usiku kitimoto na ndizi, na mwana mmoja Mwislamu na kuku wake wa kienyeji kwenye meza ya pembeni, anatucheka tunavyolamba vidole. Tukaulizia ulanzi. Muuzaji akatuangalia kama watoto: mianzi inagemwa mvua zikinyesha, Agosti mnataka nini? Rudini masika mnywe mtogwa. Tukatulia na soda na bia, wengine na chai.

Jumapili asubuhi bajaji mpaka Isimila, kilomita kama 20 nje ya mji, barabara hiyohiyo ya Mbeya. Nguzo za udongo zimesimama korongoni, zimechongwa na maji na upepo. Huko chini mwaka 1957 na 1958 wataalamu walichimba wakakuta mashoka ya mawe ya binadamu wa kale, watu waliopita hapo mamia ya maelfu ya miaka iliyopita. Kiongozi anaeleza, mwana wa mitumba yuko bize na status, bando linakata, anaomba "nirushie intaneti." Picha anazo nyingi kinoma. Muulize lile shoka lilikuwa la kuchunia nini, hana habari.

Kurudi, gari likaharibika kabla ya Makambako. Upepo, njaa, konda anasema dakika tano, dakika tano zenyewe zikazaa watoto. Ndipo ukafunguliwa mkutano wa safari ijayo. Siku ya Nyerere, 14 Oktoba, mwaka huo ilikuwa inaangukia Jumanne. Wa boda anasema tuiunge na Jumatatu, mwenyewe ndiye bosi wake. Dada wa chipsi anasema hakuna anayeiunga Jumatatu na kodi ya fremu. Mimi nikataja Krismasi, ni Alhamisi, Ijumaa Boksingi Dei, twende Matema tukaoge ziwani. Wakanigeukia wote. Krismasi? Tukuyu wanakusubiri, Kyela wanakusubiri, mama ameshachagua jogoo, wewe uko ufukweni na masela?

Gari likawaka kabla hatujakubaliana. Dada wa chipsi akatoa daftari, akaanza kukusanya buku za Matema, tarehe itajulikana mbele ya safari.