Pale elimu ya mzazi inapokomea

Kila yanapotangazwa matokeo ya kidato cha nne, maneno ya mitaani huwa yale yale. Mtoto wa mwalimu kafaulu kwa kuwa karithi akili za baba yake. Wa mkulima kaanguka kwa kuwa kwao hawana kichwa. Mimi maneno hayo siyakubali hata kidogo.

Pale Kawetele, Tukuyu, wilayani Rungwe, nilizungumza na mama mmoja muuza ndizi, mwenye kijana kidato cha kwanza. Mama huyo alimaliza darasa la saba. Kijana alipokuwa shule ya msingi, yeye ndiye aliyekuwa akimkagulia daftari kila jioni. Siku hizi hulifungua akaliona limejaa Kiingereza. Alama za kalamu nyekundu anaziona, ila maelezo ya mwalimu pembeni hayamwelei. Humwuliza mwenyewe kijana, na kijana, bila shaka, hutafsiri yanayomfaa!

Katika shule zetu za msingi za serikali mtoto hufundishwa kwa Kiswahili, na akivuka sekondari masomo karibu yote hugeuka Kiingereza. Mzazi wa darasa la saba huachishwa kazi ya ukaguzi siku hiyo hiyo, tena mtoto akiwa na miaka 14, umri wa kuficha mambo. Jirani aliyefika kidato cha nne hamzidi akili. Ila anaisoma ripoti, anajua mtihani wa kidato cha pili una uzito gani, na haoni haya kumfuata mwalimu mkuu. Mara nyingi ana kipato pia, kwa hiyo taa ipo na mtoto haitwi kuchuma chai saa za kusoma. Elimu na fedha hutembea pamoja. Kuzitenganisha ni kazi.

Tumetoka mbali. Mwaka 1967 takriban theluthi mbili ya watu wazima nchini hawakujua kusoma. Mwalimu Nyerere akautangaza mwaka 1970 kuwa wa elimu ya watu wazima, na kufikia 1986 takwimu za serikali zilionyesha wamebaki kama 10 katika kila 100. Bibi wa kisomo akampeleka binti yake darasa la saba. Ada ya sekondari za serikali ilipofutwa kuanzia Januari 2016, kwa kidato cha kwanza hadi cha nne, wajukuu wengi wakawa wa kwanza katika ukoo kuvuka kizingiti hicho. Kila kizazi kinasindikizwa mpaka pale mzazi alipoishia, halafu kinaendelea peke yake.

Basi walimu wakuu, maoni ya ripoti yaandikeni kwa Kiswahili. Hilo halihitaji bajeti. Nawe mzazi, mwambie kijana akueleze somo la leo kwa Kiswahili, au kwa Kinyakyusa ukipenda. Akibabaika, hajalielewa, hata kama amelinakili lote kwa mwandiko mzuri. Kesho yake nenda shuleni ukaulize.